Kutafuta thamani ya x bila kukariri "ikivuka inabadilika"

Jioni moja mpwa wangu wa darasa la saba aliniletea daftari lake la hesabu. Swali lilisema: tafuta thamani ya x ikiwa 3x = 12. Yeye alikuwa ameandika hivi:

3x = 12
x = 12 − 3
x = 9

Nikamuuliza, "Hii tatu imekwenda wapi?" Akanijibu bila wasiwasi, "Imevuka, mjomba. Na namba ikivuka inabadilika alama. Ilikuwa ya kujumlisha, sasa imekuwa ya kutoa."

Mtoto hakuwa mzembe. Alitii kanuni aliyokaririshwa, tena neno kwa neno. Ila kanuni hiyo haimwambii kwa nini namba ivuke, wala haimwambii kwamba 3 iliyoshikana na x haijajumlishwa popote, imezidisha. Kosa hilo hilo nimelikuta kwa watoto wengi niliowafundisha tuisheni, na kwa watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo maana katika mwongozo huu hakuna namba itakayovuka kwenda popote. Tutafanya kazi na mizani.

Namwandikia mwanafunzi wa darasa la sita na la saba, mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye ghafla anakutana na hesabu zile zile kwa Kiingereza, na mzazi anayekaa na mtoto mezani jioni akitaka kumsaidia lakini amesahau. Chukua karatasi na kalamu. Hesabu haisomwi kwa macho peke yake.

Mizani ya dukani

Kama umewahi kununua sukari ya kupima, unaijua mizani ya vitanga viwili: kitanga kimoja cha bidhaa, kingine cha mawe. Mwenye duka anamimina sukari kidogo kidogo mpaka vitanga vitulie sawa. Vikitulia, unajua uzito wa huku ni sawa na uzito wa kule, hata kama huku ni sukari na kule ni chuma.

Alama ya = ndiyo mizani hiyo iliyotulia. Aliyeianzisha ni Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati mzaliwa wa Wales, katika kitabu alichokichapa mwaka 1557. Alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akaeleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Watoto wetu wengi, kwa mazoea ya madarasa ya chini, huisoma alama hiyo kama "jibu ni". Tano jumlisha nne, jibu ni tisa. Darasa la pili haileti shida. Lakini ukimpa mtoto huyo 14 = 3x + 2 anaduwaa: jibu limekaaje mwanzoni? Kuanzia leo isome "ni sawa na". Badiliko hilo dogo la ulimi linasaidia kuliko kanuni kumi.

Sasa weka kwenye kitanga cha kushoto mifuko mitatu ya sukari iliyofungwa, yote ina uzito mmoja usioujua, pamoja na jiwe la kilo 2. Kitanga cha kulia weka mawe ya jumla ya kilo 14. Mizani imetulia. Uzito wa mfuko mmoja tuuite x:

3x + 2 = 14

Ukiondoa jiwe la kilo 2 kushoto peke yake, kitanga cha kulia kitashuka. Ili mizani ibaki imetulia, ondoa kilo 2 na kulia. Inabaki mifuko mitatu kushoto na kilo 12 kulia. Mifuko mitatu ina kilo 12, basi mmoja una kilo 4. Umekwisha kutatua mlinganyo. Hakuna kilichovuka, umetoa 2 pande zote mbili, kisha ukagawanya pande zote mbili kwa 3.

Kanuni yote ndiyo hiyo moja: unachokifanya upande mmoja, kifanye na upande wa pili. Jumlisha, toa, zidisha, gawanya, vyote ruhusa. Marufuku ni mbili tu: usigawanye kwa sifuri, kwa sababu haina maana; na usizidishe pande zote kwa sifuri, kwa sababu utabaki na 0 = 0 na x wako atakuwa ametoweka.

Hatua ya kwanza: usome mlinganyo kwa maneno

Kabla ya kugusa kalamu, sema mlinganyo kwa Kiswahili. 3x + 2 = 14 unasema: kuna namba fulani; ukiizidisha kwa 3, kisha ukajumlisha 2, unapata 14. Anayeweza kusema sentensi hiyo amekwisha kuona njia.

Angalia vizuri maana ya 3x. Ni 3 mara x, alama ya kuzidisha imeachwa ili isifanane na x yenyewe. Ikiwa x ni 4, basi 3x ni 12. Nimeona watoto wakiandika 34, yaani wameichomoa x na kuichomeka 4 mahali pale pale. Wala hawakosi akili: wameona 3 na kitu pembeni yake, na katika namba za kawaida tarakimu zikikaa pembeni ndivyo zinavyosomwa. Lazima mtu awaambie. Vile vile x/5 ni x gawanya kwa 5, na x peke yake ni 1x.

Hatua ya pili: vua kwa kinyume cha ulivyovaa

Ukivaa kanzu kisha koti juu yake, wakati wa kuvua unaanza na koti. Hata x iko hivyo hivyo. Katika 3x + 2, x ilivishwa kwanza "zidisha kwa 3", halafu "jumlisha 2". Vua la mwisho kwanza: toa 2. Kisha vua la ndani: gawanya kwa 3. Kinyume cha kujumlisha ni kutoa, kinyume cha kuzidisha ni kugawanya, na kila kimoja ni kinyume cha mwenzake.

Waliosoma Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Huo ndio mpangilio wa kukokotoa, yaani wa kuvaa. Unapotafuta x unatembea kinyumenyume: unaanza na zile za kujumlisha na kutoa, unamalizia na za kuzidisha na kugawanya.

Je, ukianza na kugawanya utakosea? Hapana, lakini lazima ugawanye kila kitu kilichomo kitangani, pamoja na ile 2: x + 2/3 = 14/3. Ni sahihi, ila umejitafutia sehemu bure. Na wengi hapa husahau kuigawanya 2, wakaandika x + 2 = 14/3, na mizani ikaanguka.

Hatua ya tatu: andika kila mstari peke yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi ninayosahihisha ni ya uandishi kuliko ya akili. Andika hivi, alama za = zikiwa zimepangana chini kwa chini:

3x + 2 = 14
3x + 2 − 2 = 14 − 2
3x = 12
3x ÷ 3 = 12 ÷ 3
x = 4

Mstari wa pili na wa nne ndiyo ambayo watoto wanapenda kuiruka. Kwa mwezi wa kwanza usimruhusu mtoto airuke. Ndiyo inayoonyesha kwamba kitendo kimefanyika pande zote mbili. Akishazoea, ataifanya kichwani mwenyewe.

Usiandike hivi: 3x + 2 = 14 − 2 = 12 ÷ 3 = 4. Soma ulichoandika kwa sauti, ukitumia "ni sawa na". Umesema 14 − 2 ni sawa na 12 ÷ 3, yaani 12 ni sawa na 4. Ni uongo, hata kama jibu la mwisho ni sahihi. Msahihishaji anayefuata njia hawezi kukupa alama za njia, na wewe mwenyewe ukirudi kutafuta kosa hutajua uanzie wapi.

Sasa mrudie mpwa wangu. 3x = 12: x imevishwa "zidisha kwa 3" tu. Kinyume chake ni kugawanya kwa 3. Nilimwekea mezani vifuniko 12 vya soda, nikamwambia avigawe mafungu matatu yaliyo sawa. Akapata vinne vinne. Akaitazama ile 9 yake, akaifuta mwenyewe.

Hatua ya nne: rudisha jibu lako nyumbani

Hii ni hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoachwa kuliko zote. Chukua jibu ulilopata, liweke mahali pa x katika mlinganyo wa mwanzo kabisa, ule uliochapwa kwenye swali, kisha ukokotoe kila upande peke yake.

Kwa x = 4: kushoto, 3 × 4 + 2 = 14. Kulia, 14. Zimelingana.

Kwa 3x = 12 na jibu la 9: kushoto, 3 × 9 = 27. Kulia, 12. Hazilingani, jibu si hilo. Sekunde kumi tu, na mtoto anajua amekosea kabla ya mwalimu hajaona. Maswali machache sana ya darasani yanakuruhusu kujua kwa uhakika, ukiwa peke yako ndani ya chumba cha mtihani, kama umepata au umekosa. Milinganyo inakuruhusu. Ni zawadi kubwa, usiitupe.

x ikiwa pande zote mbili

Chukua 5x − 7 = 2x + 8.

Mbinu ya swali hili ina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili, na ndiyo iliyolipa somo la aljebra jina lake. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kuunga, kama tabibu anavyounga mfupa uliovunjika: upande uliopungukiwa unarudishiwa kilichotolewa. Al-muqabala ni kukabilisha, kuweka vitu vya aina moja uso kwa uso na kuondoa vilivyolingana pande zote. Al-Khwarizmi hakuwa na x wala alama ya =; aliandika kila kitu kwa maneno, na kisichojulikana alikiita "kitu". Ukisema "mfuko wa sukari" badala ya x, uko karibu naye kuliko unavyodhani.

Anza kuunga. Kushoto kumepungua 7, basi jumlisha 7 pande zote:

5x − 7 + 7 = 2x + 8 + 7
5x = 2x + 15

Kisha kabilisha. Kuna x mbili kulia na x tano kushoto. Ondoa x mbili pande zote:

5x − 2x = 2x − 2x + 15
3x = 15
x = 5

Rudisha nyumbani: kushoto, 5 × 5 − 7 = 18. Kulia, 2 × 5 + 8 = 18. Safi.

Ungeweza kuondoa 5x badala ya 2x, ungebaki na −3x upande wa kulia. Si kosa, lakini ushauri wangu ni kuondoa x zilizo chache, ili zinazobaki ziwe chanya. Namba hasi ni mlango wa makosa. Kama kuna mlango mwingine, pita huo.

Kwa mfano, 4 − 3x = 19. Wengi huanza kwa kutoa 4, wakapata −3x = 15, halafu wakasahau ile alama ya kutoa na kuandika x = 5. Fanya al-jabr kwanza: kushoto kumetolewa 3x, irudishe. Jumlisha 3x pande zote:

4 = 19 + 3x

Toa 19 pande zote: −15 = 3x. Gawanya kwa 3: −5 = x, ambayo ni sawa na kusema x = −5. Hakiki: 4 − 3 × (−5) = 4 + 15 = 19. Kwa anayesumbuka na hilo jumlisha lililotokea ghafla, fikiria deni. Namba hasi ni deni. Ukimwondolea mtu madeni matatu ya shilingi tano tano, umemwongezea mfukoni shilingi 15.

Mabano

Namba iliyosimama mlangoni mwa mabano inamzidisha kila aliyemo ndani. 3(x − 4) ni 3x − 12. Anayeandika 3x − 4 amemsalimia mgeni wa kwanza na kumpita wa pili.

Mabano yanayotanguliwa na kutoa yanahitaji uangalifu wa pekee:

2(x + 3) − 5(x − 2) = 1
2x + 6 − 5x + 10 = 1

Ile 10 imekuwa ya kujumlisha kwa sababu −5 mara −2 ni +10. Kusanya vya aina moja: 2x − 5x ni −3x, na 6 + 10 ni 16.

−3x + 16 = 1

Jumlisha 3x pande zote, 16 = 1 + 3x. Toa 1, 15 = 3x. Basi x = 5. Hakiki: 2 × 8 − 5 × 3 = 16 − 15 = 1.

Sehemu, na fumbo la Misri

Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna karatasi ya mafunjo iliyonakiliwa Misri na mwandishi aitwaye Ahmes, yapata miaka 3,500 iliyopita. Imejaa maswali ya hesabu. Swali la 24 linasema: kiasi fulani, kikijumlishwa na moja ya saba yake, kinakuwa 19. Ni kiasi gani?

x + x/7 = 19

Ahmes alijaribu kwanza 7, kwa kuwa 7 inagawanyika kwa 7 bila shida. 7 na moja ya saba yake ni 8. Lakini alitaka 19, kwa hiyo akatafuta 8 iongezwe mara ngapi ifike 19, kisha akaiongeza ile 7 mara hizo hizo. Ni njia ya busara, ingawa haifai kwa kila mlinganyo. Yetu inafaa kwa wote: ondoa sehemu mapema kwa kuzidisha pande zote kwa asili, yaani namba ya chini ya sehemu. Hapa asili ni 7.

7 × x + 7 × x/7 = 7 × 19
7x + x = 133
8x = 133
x = 133/8, yaani 16⅝

Usishangae jibu kutokuwa namba kamili. Mtoto akipata sehemu hudhani amekosea na kuanza kufuta. Ahakiki kwanza: moja ya saba ya 16⅝ ni 2⅜, na 16⅝ + 2⅜ = 19. Ni lenyewe.

Kosa la hapa ni kuzidisha sehemu na kuiacha ile 19 bila kuizidisha. Kumbuka mizani: ukikifanya kitanga cha kushoto mara saba, na cha kulia kiwe mara saba.

Asili zikiwa zaidi ya moja, tumia kigawe kidogo cha shirika, KDS. Katika (x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3, KDS ya 2 na 3 ni 6. Zidisha kila kitu kwa 6:

3(x + 1) − 2(x − 2) = 18

Nimeyabakiza mabano makusudi. Mstari wa juu wa sehemu ni kama umefungwa kwa mabano yasiyoonekana. Mstari wa sehemu ukiondoka, yaandike. Endelea: 3x + 3 − 2x + 4 = 18, x + 7 = 18, x = 11. Na 12/2 − 9/3 ni 6 − 3, yaani 3.

x ikitoweka

Mara nyingine unafanya kila kitu sawa na x inakwisha yenyewe. Ukibaki na jambo la uongo, kama 38 = 24, hakuna namba yoyote inayofaa. Ukibaki na jambo la kweli, kama 6 = 6, basi kila namba inafaa. Hata hivyo kwenye maswali ya shule, x ikitoweka, kwanza rudi ukague ulivyouandika mlinganyo. Fumbo linalofuata linaonyesha kwa nini.

Mafumbo

Mama ana miaka 38, mwanawe ana miaka 8. Baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara tatu ya umri wa mwanawe?

Kwanza amua x ni nini, na uandike kwa sentensi nzima: "x ni idadi ya miaka itakayopita." Usiandike "x = miaka" tu, maana hapa kuna miaka ya aina tatu. Baada ya miaka hiyo mama atakuwa na 38 + x, mtoto 8 + x. Mara tatu ya umri wa mtoto ni mara tatu ya wote:

38 + x = 3(8 + x)

Anayesahau mabano anaandika 38 + x = 3 × 8 + x, anatoa x pande zote, anabaki na 38 = 24. Hilo ndilo onyo nililolisema. Kwa mabano: 38 + x = 24 + 3x. Toa x, 38 = 24 + 2x. Toa 24, 14 = 2x. x = 7. Baada ya miaka 7 mama ana 45 na mtoto ana 15. Na hakiki ya fumbo irudi kwenye hadithi, kwa sababu mlinganyo wenyewe unaweza kuwa umeandikwa vibaya tangu mwanzo.

Aina nyingine inayopendwa: jumla ya namba tatu witiri zinazofuatana ni 51, zitaje. Witiri hupishana kwa mbili, kwa hiyo ni x, x + 2 na x + 4. Jumla yake 3x + 6 = 51, x = 15. Namba ni 15, 17 na 19. Swali limesema "zitaje"; ukiandika x = 15 na kusimama hapo hujajibu.

Na la mwisho, kwa heshima ya al-Khwarizmi, ambaye sehemu kubwa ya kitabu chake ni ya mirathi na wasia. Mtu amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha tangulia, madeni yamelipwa na hakuna wasia. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mke ana moja ya nane, na kinachobaki mwana wa kiume anapata mara mbili ya binti. Binti amepata shilingi 7,000,000. Mali yote ilikuwa kiasi gani?

x ni mali yote. Mke ametwaa x/8, imebaki 7x/8. Salio hilo ni mafungu matatu, mawili ya mwana na moja la binti. Basi binti ana 7x/8 gawanya kwa 3, yaani 7x/24:

7x/24 = 7,000,000

Zidisha pande zote kwa 24: 7x = 168,000,000. Gawanya kwa 7: x = 24,000,000. Rudi kwenye hadithi: mke 3,000,000, mwana 14,000,000, binti 7,000,000. Jumla 24,000,000, hakuna senti iliyopotea.

Mazoezi

1. x − 9 = 4
2. 6x + 5 = 41
3. 7 − 2x = 15
4. 3(x − 4) = x + 6
5. x/4 + 3 = x/2
6. 5x + 2 = 5(x + 1)
7. Mstatili una mzingo wa meta 54, na urefu wake unazidi upana kwa meta 5. Tafuta urefu na upana.

Yafanye yote na kuyahakiki kabla ya kusoma hapa chini.

La 1 ni 13. Ukipata −5, umetoa 9 mahali pa kuijumlisha. La 2 ni 6. La 3 ni −4; aliyepata 4 amepoteza alama ya kutoa, na angeirudisha nyumbani angeona 7 − 8 ni −1, si 15. La 4 ni 9. Ukipata 5, ile 4 ya ndani ya mabano hukuizidisha. La 5 ni 12. Ukipata 3, umezidisha sehemu zote kwa 4 ukaiacha 3 pembeni. La 6 halina jibu: ukifungua mabano na kutoa 5x pande zote unabaki na 2 = 5. La 7, upana ni meta 11 na urefu meta 16. Aliyepata upana wa 24.5 amejumlisha pande mbili tu za mstatili. Achore umbo, aandike kipimo kwenye kila upande, ahesabu pande ni ngapi, kisha aandike mlinganyo upya.